Meno Meupe, Maji Yale Yale

Masomo: Mwanzo 3:7 na 21, 2 Wafalme 2:19–22, Luka 14:28



Miezi mitatu iliyopita, baada ya mazoezi ya kikundi cha sifa, dada mmoja alinisubiri mlangoni. Amenipa ruhusa nisimulie, ila jina lake naliweka kando. Alikuwa amepata kazi ya mapokezi katika hoteli moja, na kupitia chama chao alikuwa ameweka akiba ya shilingi 60,000. Akaniuliza, "Pasta, nikiweka vinia ni dhambi?"

Kwa asiyejua, vinia ni kigamba chembamba, mara nyingi cha kauri, ambacho daktari wa meno hukigandisha mbele ya jino ili kufunika rangi au umbo lisilopendeza. Wale tunaowaona kwenye runinga na meno meupe pe, yamepangana kama vigae vya bafuni, si wote waliozaliwa hivyo.

Nilimjibu haraka, jinsi sisi wahubiri tunavyojua kujibu. Nikampa 1 Samweli 16:7, pale Mungu anapomkataza Samweli asibabaishwe na sura wala kimo cha mtu. Nikamwambia moyo wake ndio muhimu, nikamwombea, nikafunga Biblia.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwa heshima, macho yako chini, "Sawa, Pasta. Lakini hata wewe ukicheka huwa unafunika mdomo."

Nilikosa la kusema. Kwanza, ni kweli. Pili, kuna jambo ambalo hakulijua: wiki hiyo hiyo nilikuwa na miadi na daktari wa meno, na sikuwa nimemwambia mtu ila mke wangu. Yaani nilimpa dada yangu andiko la kumfunga mdomo, huku mimi natafuta pesa za kuufungua wangu.

Tangu siku hiyo swali lake limekuwa swali langu. Nimeona niliandike hapa, kwa sababu najua si sisi wawili tu.

Ni nani aliyekosa?

Mimi ni mzaliwa wa Njoro. Wengi wenu mmekulia Njoro, Gilgil, Elementaita, Naivasha au hapa Nakuru, kwa hivyo sina haja ya kuwaeleza rangi ya meno yangu. Ukisafiri hadi Mombasa au Kisumu, unafungua tu mdomo kusalimia, mtu anakuuliza, "Wewe ni wa Nakuru, ama?"

Sababu yake inajulikana. Maji ya chini ya ardhi huku Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkeno na kubeba madini ya floraidi. Floraidi kidogo hulinda meno, ndiyo maana inatiwa kwenye dawa ya meno. Ikizidi, huharibu jino lingali linaundwa ndani ya ufizi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa, na visima vingi vya huku vinapita hapo.

Kuna picha yangu nikiwa na miaka minne. Nacheka, meno meupe. Meno ya utoto mara nyingi huponea. Yale ya kudumu yalipoanza kutoka nikiwa na miaka saba, yalitoka tayari yana madoa ya kahawia na vishimo vidogo. Mama alidhani sipigi mswaki. Nilichapwa. Nilisuguliwa kwa jivu, kwa mkaa, hata kwa ndimu, na leo daktari ananiambia ndimu ilizidi tu kulila jino. Nao maji yetu Mama aliyachemsha kila siku, kwa uangalifu mkubwa, asije mtoto wake akapata homa ya matumbo. Masikini Mama hakujua kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi inabaki palepale. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi ndiyo inazidi.

Katika Yohana 9 wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza ni nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Katika Ezekieli 18 tunakuta methali ya wazee, ya baba wanaokula zabibu chungu na watoto wakapata shida ya meno, na Mungu anaikataza methali hiyo isitumiwe tena. Nimesoma sura hiyo mara nyingi na kila mara naona meno yangu. Mama yangu hakukosa. Mimi sikukosa. Ilhali niliishi miaka 27 na aibu kana kwamba kuna kosa nililofanya, na mtu mwenye aibu ya namna hiyo hujifunza kucheka nyuma ya mkono.

Majani na ngozi

Sasa, je, kufunika jino ni uongo? Hili ndilo lililonisumbua kwanza. Nikisimama madhabahuni na meno yasiyo yangu, nahubiri ukweli kupitia mdomo wa bandia?

Nilirudi Mwanzo sura ya 3. Pale kuna mavazi mawili, na sikuwahi kuyatazama pamoja. Adamu na Hawa walipojiona wako uchi walishona majani ya mtini, na jambo lililofuata ni kukimbilia kwenye miti kujificha. Baadaye, katika mstari wa 21, Mungu mwenyewe anawatengenezea mavazi ya ngozi, na katika hayo mavazi wanatoka kwenda kulima, kuzaa na kuishi. Majani waliyavaa wakajificha. Ngozi waliivaa wakatoka.

Kwa hivyo kufunika kwenyewe si dhambi. Mungu ndiye fundi wa kwanza wa nguo za ngozi. Wamama wetu wa kanisa waliowekewa meno ya bandia hakuna aliyewauliza kama wanamdanganya mtu. Na lile andiko nililomtupia dada yetu, nilipolisoma tena polepole, niliona linamwonya Samweli asimpime mtu kwa sura. Halimkatazi mtu kuutunza mwili wake. Tena mistari michache mbele, mstari wa 12, mwandishi anatueleza bila haya kwamba Daudi alikuwa kijana wa kupendeza.

Swali la kweli, basi, ni hili: ninafunika ili nijifiche, au ninafunika ili nitoke? Dada yetu alitaka kukaa pale mapokezi amtazame mgeni usoni na kumkaribisha. Hiyo ni ngozi. Mimi je? Nilipojikagua, majibu hayakunifurahisha.

Nilikuwa nimejiambia ni kwa ajili ya huduma. Mdomo ndio jembe la mhubiri, nani atamlaumu mkulima akinoa jembe? Mfanyabiashara mmoja wa ushirika mwingine alisikia, akajitolea kulipa nusu, akisema mtumishi wa Mungu ni lazima ang'ae. Nilivutiwa, sitadanganya. Lakini nilisomea biashara, na mwalimu wetu wa uhasibu alitufundisha kushuku matumizi ya nyumbani yanayoandikwa kwenye vitabu vya kampuni. Nilichotaka ni kuonekana vizuri kwenye picha. Nilikuwa naandika tamaa yangu kwenye hesabu ya Bwana. Nikamshukuru yule mzee na kumwambia hapana.

Kuhesabu gharama

Yesu anasema katika Luka 14 kwamba mwenye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu. Basi niliketi.

Daktari, mama mmoja mpole, alinionyesha njia tatu. Ya kwanza ni kusugua madoa ya juu kwa dawa maalumu, wakati mwingine pamoja na dawa ya kung'arisha. Husaidia madoa yasiyo na kina. Ya pili ni kupaka jino dawa nyeupe ya kujazia na kuigandisha kwa taa. Ni nafuu, ila hubadilika rangi na kumeguka mapema zaidi. Ya tatu ni vinia za kauri.

Kwa kauri alinitajia shilingi 35,000 kwa jino. Meno manane ya mbele yanayoonekana nikicheka, 280,000. Sina hizo. Ningekopa sacco, na mshahara wa mchungaji msaidizi mnaujua, kwa sababu nyinyi ndio mnaoulipa.

Halafu akaniambia jambo ambalo matangazo hayalisemi. Ili kigamba kikae vizuri, mara nyingi hukwangua sehemu ya ngozi ngumu ya jino, pengine nusu milimita. Ngozi hiyo haioti tena. Ukishaanza umeanza, jino hilo litahitaji kufunikwa maisha yako yote. Na vinia si ya milele. Nyingi hudumu kati ya miaka 10 na 15, kisha hubadilishwa.

Nikatoa kalamu. Nina miaka 34. Nikichukua miaka 13 kwa kila seti, nitanunua nikiwa na 34, tena nikiwa na 47, tena nikiwa na 60. Seti tatu kabla ya kufika 70 ni shilingi 840,000, na hiyo ni kwa bei ya leo. Katika biashara tungesema sinunui kitu, najiandikisha kulipa kodi ya kudumu. Mwenye uwezo na aingie akijua. Wengi huona bei ya siku ya kwanza tu.

Swali la daktari

Nilipokuwa nakunja karatasi zangu, daktari aliniuliza, "Una mtoto?"

Nikamwambia tuna binti wa miaka miwili na nusu.

"Anakunywa maji gani?"

Wapendwa, nilikaa kimya kama yule dada alivyoninyamazisha mimi. Binti yetu ana meno meupe kama maziwa, na weupe huo ulikuwa umenidanganya, kama ile picha yangu ya miaka minne. Daktari akanieleza kwamba meno yake ya kudumu ya mbele yanaundwa sasa hivi, ndani ya ufizi, katika miaka hii ya mwanzo. Kufikia miaka minane hivi, kwa meno ya mbele, kazi imekwisha. Meno ambayo atacheka nayo siku ya harusi yake yanatengenezwa leo, kwa kikombe ninachompa leo.

Na kikombe hicho kinatoka wapi? Kwenye kisima cha kanisa.

Mnakumbuka harambee ya kile kisima. Tulifunga na kuomba, tukatoa, wengine walitoa kuku na mahindi, na maji yalipotoka tulicheza hadi jioni. Leo jirani yeyote anateka mtungi wa lita 20 kwa shilingi tano, na wakati wa kiangazi foleni inafika barabarani. Ni baraka, sikatai. Lakini tulipima vijidudu peke yake, tukatosheka. Floraidi hatukuuliza.

Kwa idhini ya Mchungaji Kiongozi na baraza la wazee, nilipeleka chupa ya maji maabara. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili: miligramu 4.2 kwa lita. Hiyo ni karibu mara tatu ya kikomo. Mchungaji na wazee wameniruhusu niiandike namba hiyo hapa, nami nawashukuru, kwa kuwa haikuwa rahisi. Kuna aliyeuliza kama tungesubiri kwanza mwaka wa fedha uishe. Mzee mmoja akajibu kwamba meno ya mtoto hayasubiri mwaka wa fedha, na mjadala ukaisha hapo.

Hebu tazama jinsi nilivyokuwa nimesimama. Mkono mmoja unatafuta 280,000 za kuficha madhara ya maji kwenye mdomo wangu. Mkono mwingine unamnywesha mtoto wangu, na watoto wa majirani, maji ya aina ile ile, kwa shilingi tano.

Elisha alikwenda chemchemi

Watu wa Yeriko walimjia Elisha wakiwa na shida kama yetu. Mji wao ulikuwa mahali pazuri, lakini maji yalikuwa mabaya na nchi haizai. Elisha hakuanza kuwagusa wagonjwa mmoja mmoja. Aliitisha chombo kipya na chumvi, akatoka, akaenda mpaka pale maji yanapoanzia, na huko ndiko alikofanya kazi. Mimi nilikuwa nataka kuanza na mdomo wangu.

Sisi hatuna muujiza wa chumvi, lakini tuna maarifa, nayo pia ni zawadi. Ndugu zetu wa Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru wamefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Maji hupita kwenye chembe za mifupa na floraidi inashikwa humo. Wenzetu hao waliiona huduma hii mapema kuliko sisi, na hakuna aibu kwenda kujifunza kwao. Kamati ya maji inatafuta bei ya mtambo wa kuchuja. Kwa sasa kuna kibao pale bombani: maji haya ni ya kufua na kuoga, mtoto chini ya miaka minane asinyweshwe.

Nyumbani tumeweka mifereji kwenye paa na tangi la lita 5,000. Vyote vilinigharimu 58,000, karibu sana na bei ya meno mawili ya kauri, ukitoa 12,000. Maji ya mvua hayajapita kwenye miamba yetu, kwa hivyo floraidi yake ni kidogo mno. Ni kuyachemsha tu kwa ajili ya vijidudu. Tukitumia lita 20 kwa siku, kunywa na kupikia peke yake, tangi likijaa hutufikisha siku 250.

Basi, ni dhambi?

Nilimwendea dada yetu nikamwomba msamaha. Sikumwambia aweke wala asiweke. Nilimpa yale niliyojifunza: bei ya kesho pamoja na ya leo, ngozi ya jino isiyorudi, na lile swali la majani na ngozi. Aliamua kupakwa ile dawa nyeupe kwenye meno manne, kwa akiba yake, bila deni. Mmemwona akiimba. Mimi nafurahi naye, na anayenung'unika na aje aninung'unikie mimi.

Mimi nimeacha kauri. Mwezi wa nane daktari atanisugua meno mawili ya mbele, na yatakayotoka hapo nitayapokea. Labda siku moja nitabadili nia, na nikibadili mtajua, sitajificha. Lakini kwanza kisima. Naona haya kwamba ilibidi nitafute urembo ndipo niulizwe habari za mtoto wangu. Hata hivyo Mungu aliwahi kumzungumzisha punda wa Balaamu, sembuse daktari wa meno.

Kwa hivyo ukiniuliza leo, sitakupa andiko la haraka. Nitakuuliza kama unajificha au unatoka. Nitakuuliza nani atalipa, na hadi lini. Halafu nitakuuliza lile nililoulizwa: ukishang'aa, ni nani anabaki nyuma akinywa maji yale yale?

Jumapili nikicheka, mkono wangu ukipanda mdomoni, mniwie radhi. Ni mazoea ya miaka 27. Naushusha pole pole.

*Maswali ya ushirika wa nyumbani wiki hii*

1. Ni wakati gani umetumia andiko la kweli kumnyamazisha mtu mwenye swali la kweli?
2. Katika nyumba yako, mtoto aliye chini ya miaka minane anakunywa maji ya wapi? Nani ameyapima?
3. Ni jambo gani unalofunika kwa majani, ambalo ungemwachia Mungu akakuvika?

*Tuombe:* Bwana, tuondolee aibu isiyo yetu, na utupe ujasiri wa kubeba wajibu ulio wetu. Yaponye maji yetu, na utuonyeshe tufanye nini kwa mikono yetu. Katika jina la Yesu, Amina.